Kitasa cha Mlangoni Kwetu

Melini, magharibi ya Greenland
17 Machi 1974

Mdogo wangu Rannvá,

Pokea salamu kabla hazijaganda, maana huku kila kitu kinaganda. Mimi ni mzima, ila kidole gumba cha kushoto kimeliwa na ndoana na sasa kimevimba kama kiazi. Samaki wapo, chumvi ipo, na mpishi wetu mzee Sámal anatupikia mchuzi uleule tangu tuondoke bandari ya Tórshavn. Tukilalamika anasema mtu mwenye njaa haulizi jina la mchuzi. Baba hajambo? Mguu unamruhusu kwenda ibadani? Mwambie namjua, najua anashinda kichwa ndani ya redio akisikiliza meli zikizungumza, yeye na Kambsvík nzima. Ndiyo maana naandika. Mambo ya nyumbani siyasemi redioni ili kila jiko kijijini lipate kuyapika.

Sasa nikuulize. Juzi tulipishana na meli nyingine, jamaa mmoja akaniita huku anacheka: "Heini, kwenu mmefukia dhahabu? Nasikia mmetia kitasa!" Nikamwambia aache uzushi. Kambsvík hata kanisa halifungwi. Posta ilipofika nikakuta barua ya shangazi Malena, naye anasema yaleyale: kitasa cha chuma, na ufunguo unauvaa shingoni. Halafu nikakuta barua ya rafiki yangu Mikkjal. Alikuja Jumapili kama kawaida yake, akasukuma mlango, mlango ukagoma. Maskini alisimama kwenye mvua kama muuza Biblia. Anasema alikuona dirishani na hukumfungulia.

Rannvá, umemficha nani humo ndani? Tangu enzi za babu watu wanaingia kwetu bila kubisha, wanakaa, wanapewa kahawa. Pafukapo moshi pana moto. Kama ni mwanamume, niambie tu. Sitakasirika sana, nitakasirika kidogo.

Na Mikkjal usimfanyie hivyo. Ni mimi niliyemwambia awe anapita kuwaangalia wewe na Baba. Tena nyumba anayojenga haitakuwa na paa kabla ya baridi, nimeshamkubalia atakaa chumbani kwangu kuanzia Oktoba, tukirudi. Umtayarishie kitanda.

Kaka yako,
Heini


Kambsvík, 21 Aprili 1974

Kaka Heini,

Barua yako imefika Ijumaa na boti ya posta, baada ya ukungu wa wiki nzima. Tunashukuru u mzima. Kidole kitie chumvi, usimsikilize mtu anayekuambia ukitie tumbaku. Baba anaendelea, mguu unamsumbua mvua ikikaribia, na hapa mvua hukaribia kila siku. Kondoo watatu wamezaa mapema, mmoja wa wanakondoo ana sikio jeusi na Baba amempa jina lako. Kiwandani kazi ni nyingi, narudi mikono ikinuka samaki hata nikiisugua kwa limau.

Kitasa nilikitia kwa sababu ya upepo. Mlango ulikuwa ukifunguka wenyewe.

Nimeshangaa Mikkjal amekuandikia. Miaka yote mkiwa mbalimbali hajawahi kukuandikia hata kadi ya Krismasi, wewe mwenyewe ulikuwa ukimcheka kwa hilo. Leo mlango mmoja umemfanya mwandishi. Amekuambia nini kingine? Niandikie neno kwa neno.

Na hilo la Oktoba, hapana. Mikkjal asikae kwetu. Usiniulize sababu. Mtafutie pengine, mwambie chumba kina unyevu, mwambie Baba anakoroma, mwambie chochote. Akiingia yeye mimi nitatoka, na Baba nitamwacha na nani?

Barua hii usiisomee mezani.

Rannvá


Føroyingahavn, Greenland
16 Mei 1974

Rannvá,

Sisi ni wazima. Tumeingia bandarini kuchukua chumvi na maji. Salamu kwa Baba, na mwanakondoo mwenye jina langu ashibe vizuri.

Umeniaibisha. Unajua desturi ya melini: barua ya nyumbani ni ya wote, aliyepata anawasomea wasiopata. Nilianza kusoma wakati wa chakula kama siku zote. Wakacheka kwa limau, wakacheka kwa mwanakondoo. Nikafika kwenye "Mikkjal asikae kwetu" na sikuweza kusimama, ulimi ulikuwa umeshapita. Lile onyo lako umeliweka mwisho kabisa! Onyo linawekwa mwisho?

Na Mikkjal mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu. Ndiyo, yuko huku. Mwenzetu mmoja alivunjika mkono mwanzoni mwa mwezi, nahodha akaagiza mtu kutoka nyumbani, akaja Mikkjal. Nilimfurahia kama ndugu. Sasa fikiria meza nzima inamtazama. Uso ulimgeuka mwekundu, kisha akacheka, akachukua kikombe chake akatoka. Wenzangu hawakukosa la kusema.

"Dada yako ana mtu, huyo wa zamani hatakiwi tena!"

"Ndio maana kitasa, bwana! Upepo gani unaovaa ufunguo shingoni?"

Baadaye nilimfuata Mikkjal nje nikamwomba radhi. Akaniambia, "Usijali. Mambo ya wanawake hayo. Tulielewana, halafu akabadilika." Nikashangaa. Kumbe mlikuwa na mambo yenu na mimi kaka mtu sijui? Sina neno, Mikkjal ni mtu mzuri, ningefurahi. Lakini mkigombana msinifanye mimi ngoma ya kupiga. Unataka nimfukuze mtu ambaye mwaka juzi alinishika nywele nikiwa nimeshazama, akanitoa baharini? Bila yeye ungekuwa unaandikia kaburi lisilo na mtu ndani.

Nieleze mligombania nini. Mpaka nielezwe, ahadi yangu ya chumba iko palepale.

Heini


Kambsvík, 9 Juni 1974

Kaka,

Baba hajambo. Majani yameanza kuwa marefu. Shangazi Malena anakusalimu, ameanza kupita kwetu kila siku na hataki kukaa.

Kumbe yuko huko. Basi sina la kuandika, maana sijui nikiandika nani anasoma. Nani anakwenda kuchukua mfuko wa posta mkifika bandarini? Unalala chumba kimoja na nani? Nijibu hayo kwanza.

Nakuuliza jambo moja tu. Anasema tulielewana. Mtu akielewana na mtu, kuna neno lilisemwa. Muulize tulielewana lini. Muulize mimi nilisema neno gani. Usimsaidie kujibu.

Rannvá


Melini, 5 Julai 1974

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Samaki wamekuwa wachache, barafu ni nyingi, na Sámal amebadilisha mchuzi, sasa tunalilia ule wa zamani.

Hii naiandikia kwenye ghala la chumvi, peke yangu, nimekalia magunia. Barua yako pia niliisomea hapa. Wenzangu wameniuliza, "Vipi, leo hatusikii habari za nyumbani?" Nikawaambia dada yangu ameandika mambo ya kike. Mfuko wa posta huwa anauleta Mikkjal. Sikuwa nimelifikiria hilo kabla hujauliza. Anajitolea kila mara, hata akiwa ametoka zamu na macho hayafunguki. Na akinipa barua yako anasimama hapohapo, "Wanasemaje kwetu?" Chumba kimoja tunalala, yeye kitanda cha juu.

Nilimuuliza. Tulikuwa tunapasua samaki, sisi wawili, na sauti ya mawimbi ilitosha wengine wasisikie.

"Mikkjal, ulisema mlielewana na Rannvá."

"Nilisema."

"Lini?"

"Ah, Heini. Mambo ya watu wazima hayana tarehe."

"Alikuambia nini?"

Akapasua samaki, akapasua na mwingine. "Hakuniambia hapana."

"Nimekuuliza alisema nini, sijakuuliza hakusema nini."

"Wee, umekuwa mchungaji siku hizi? Alinishika mkono ngoma ya mwaka mpya, kijiji kizima kiliona. Kila Jumapili ananipa kahawa. Ulitaka aniandikie barua?"

Halafu akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionitia shaka kuliko ukali: "Usiamini kila unaloandikiwa. Msichana akiona haya, hutafuta wa kumbebesha."

Rannvá, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema utamjuaje ukiwa umelala kitanda cha chini yake. Mikkjal ninamjua tangu tukiwa na meno ya maziwa. Hajawahi kuiba hata ndoana. Sitaki kukukosea wala sitaki kumkosea mtu aliyenipa pumzi yangu. Kama kuna jambo amekufanyia kwa nguvu, mbona hukupiga kelele? Nyumba ya shangazi iko pua na mdomo na yetu. Mbona hukumwambia mtu? Mbona ulikaa miezi ukaniambia habari za upepo?

Usinichukie kwa kuuliza. Lakini nahitaji kujua kabla ya Oktoba.

Heini


Kambsvík, 28 Julai 1974

Heini,

Baba ni mzima na kondoo wamekatwa manyoya. Salamu zimekwisha hapo. Kama hauko peke yako, kunja karatasi hii uisome ukiwa peke yako.

Ilikuwa Jumapili ya pili ya Februari, mchana, baada ya chakula. Baba alikwenda ibada ya alasiri. Nilikuwa nimefanya kazi kiwandani wiki nzima, nikajilaza kwenye kiti kirefu cha jikoni, miguu karibu na jiko, usingizi ukanichukua. Mikkjal aliingia kama wanavyoingia watu wote. Sikumsikia. Nilipoamka alikuwa juu yangu, na lililokuwa likitendeka lilikuwa limeshaanza.

Unaniuliza mbona sikupiga kelele. Nami nimejiuliza hivyo kila siku mpaka nimechoka. Kichwani kelele ilikuwepo, nilijua hata ningeita jina gani. Mdomo haukufunguka. Mikono haikunyanyuka. Nilikuwa kama mtu anayemwangalia mtu mwingine kupitia dirishani, na huyo mwingine hasogei. Daktari wa wilaya, mwanamke yule mpya, ananiambia amewaona wengi waliogandishwa na hofu hivyohivyo, na kwamba mwili hauombi ruhusa ya mwenyewe kabla ya kuganda. Sikumwamini mwanzoni. Nilidhani ananihurumia.

Alipomaliza alisogea kwenye jiko, akajimiminia kahawa iliyokuwa juu yake, akainywa amesimama. Kisha akasema, "Msalimie Baba." Akaondoka. Heini, alisema msalimie Baba.

Jumapili iliyofuata akaja tena. Akasukuma mlango, akaketi pale alipozoea, akamsimulia Baba habari za bei ya samaki. Baba akaniambia nimkatie mgeni nyama. Nilikata. Kisu kilikuwa mkononi mwangu na nilikata nyama. Jumatatu yake niliomba ruhusa kiwandani, nikaenda Tórshavn, nikanunua kitasa.

Unasema mbona sikumwambia mtu. Nilimwambia shangazi Malena. Aliniuliza jambo moja: "Mlango ulikuwa wazi?" Nikamwambia, shangazi, mlango wako uko wazi saa hii. Akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na kitu. Umeona alivyokuandikia habari za kitasa na asiandike habari zangu.

Wewe ningekuandikiaje? Redioni wanasikia wote, mezani wanasikia wote, nyumbani wanaingia wote. Kwetu hakuna kitu cha mtu mmoja. Nami nilikuwa na shaka na wewe pia, nikuambie ukweli. Nilidhani ameshakusimulia, mkacheka.

Sasa nisikilize vizuri. Kunishika mkono katika ngoma si kitu, katika duara kila mtu anashika mikono miwili inayomwangukia, na mwaka mpya huo mkono wangu wa pili alikuwa nao mzee wa kanisa. Kahawa anapewa kila anayeingia. Na hata hapa petu, ambapo hakuna abishaye, umewahi kuona mtu akaenda kwenye banda la kukaushia nyama akachukua paja la kondoo akakata mwenyewe, bila kuambiwa na mwenye nyumba "kata"? Hakuna. Hata mlevi hathubutu. Anaketi, anangoja, na asipokaribishwa anakwenda zake na njaa yake. Mikkjal anaijua adabu hiyo tangu utoto. Kwa nyama anaijua.

Kuridhia ni kusema ndiyo ukiwa macho, ukiwa na uwezo wa kusema hapana na usiogope. Mimi sikuwa na lolote katika hayo. Umeniuliza kwa nini sikupiga kelele. Yeye hukumuuliza kwa nini hakuuliza.

Nimekwenda polisi Tórshavn. Daktari alinisindikiza. Askari aliandika kila kitu kwa taipureta, kwa kidole kimoja, akasema itachukua muda na huenda isifike popote. Nimesema sawa, iandikwe tu. Wanataka kusikia kutoka kwako yale Mikkjal aliyotamka kwa mdomo wake.

Sikuombi umpige. Ukimpiga, itakuwa kesi yako na yake, ya wanaume wawili, na mimi nitabaki kisingizio. Najua alikutoa baharini. Sitaki usahau hilo. Nataka ujue kwamba mtu yuleyule aliyefanya lile amefanya na hili.

Ukija naye Oktoba, mlango utabaki umefungwa, na wewe utakuwa upande wake wa mlango.

Rannvá


Føroyingahavn, 25 Agosti 1974

Rannvá, dada yangu,

Utanisamehe mwandiko, naiandikia magotini.

Nilikaa na barua yako siku nyingi. Nilimtazama Mikkjal akila, akilala, akiimba. Nilikuwa natafuta alama usoni mwake, kana kwamba mtu wa namna hiyo angepaswa kuwa na pembe. Hana. Aliniazima soksi kavu wiki hiyohiyo. Nikasema moyoni, labda Rannvá amekosea, labda alikuwa ndotoni. Nakuambia kila nilichofikiri ili usije ukasikia kwa mwingine.

Mwisho nikasema, mimi nilisoma barua yako mbele ya watu wote, basi na yeye nitamuuliza mbele ya watu wote. Tukiwa mezani, nahodha yupo, nikasema kwa sauti: "Mikkjal, Februari kwetu jikoni, Rannvá alikuwa macho ulipomgusa?"

Watu wakaacha kutafuna. Mmoja akajaribu kucheka, "Heini, chakula kitapoa bwana." Hakuna aliyemuunga mkono.

Mikkjal akasema, "Ndiyo hayo anayoandika?"

"Nimekuuliza kama alikuwa macho."

"Alikuwa amelala, sawa. Lakini aliamka. Aliamka na hakunisukuma. Ningejuaje kwamba hataki?"

"Ungemuuliza."

"Nani anauliza? Wewe unauliza?" Akawageukia wenzetu. "Nani hapa anauliza?"

Alidhani watamjibu. Nami nilidhani hivyo, nikuambie kweli, niliogopa watamjibu. Mzee Sámal akainuka, akaiondoa sahani ya Mikkjal mezani, chakula kikiwa bado nusu, akaenda kuimwaga. Kisha akarudi akaketi akaendelea kula.

Sikumpiga. Nilitaka, mpaka meno yaliniuma. Nahodha amesema yeye na Sámal watawaeleza polisi walichosikia. Mikkjal amehamishiwa vyumba vya mbele. Chumba changu kwetu hatakiona, nimemwambia mbele ya wote.

Dada yangu, sasa nakuamini. Nimesikia kwa masikio yangu, kwa mdomo wake. Mimi nashuka hapa, narudi na meli nyingine inayotangulia. Nitafikia nyumba ya mabaharia Tórshavn. Halafu nataka kuja nyumbani. Nilikuwa naandika "nitakuja nyumbani", nikakata. Nakuuliza: nije? Nitumie jibu Tórshavn.

Kaka yako,
Heini


Kambsvík, 22 Septemba 1974

Kaka Heini,

Baba anakusalimu, anajua sasa. Nilimwambia mwenyewe baada ya kupata barua yako, kabla watu wa melini hawajamwambia. Alizima redio. Hajaiwasha tena mpaka leo, na jioni tunasikia saa ya ukutani tu. Aliniuliza kama ule ufunguo una pacha wake, nikamwambia unao, akaomba apewe.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Ulichofanya kina wema ndani yake na nimeuona, sahani ile ya Sámal nimeiona hata mimi. Lakini nikuambie yaliyobaki.

Unasema sasa unaniamini kwa sababu umesikia kwa mdomo wake. Mimi nilikuandikia Julai. Maneno yangu yalikaa kwako siku nyingi yakingoja shahidi, na shahidi mwenyewe ni Mikkjal. Asingesema, leo ningekuwa nani kwako?

Na ukasema mezani. Neno ambalo nilitembea nalo miezi mitano, nikachagua nani wa kumwambia, moja moja, nawe nikakuambia lisome peke yako, umelitandika mbele ya meli nzima pamoja na mchuzi. Hukuniuliza. Ulikuwa na hasira kwa ajili yangu, najua. Ila sasa jana mke wa nahodha amenishika mkono dukani akanipa pole, na mimi sikuwa nimempa ruhusa ya kujua.

Umeuliza kama uje. Jibu langu ni hapana, kaka. Si hapana ya milele. Ni ya sasa. Nenda polisi useme ulichosikia, hilo nimekuomba. Kisha kaa kwa shangazi au popote utakapo, kijiji ni chako pia. Nyumbani usije mpaka nikuite.

Tangu mwaka huu uanze, nyumbani kwetu ni mara ya kwanza mtu kuniuliza, nami nimejibu. Natilia shaka kama utavumilia. Ngoja nione.

Rannvá


Kambsvík, kwa shangazi Malena
13 Oktoba 1974

Rannvá,

Salamu. Ni wiki moja niko hapa, na natuma barua hii kwa posta, ingawa kutoka dirisha hili naliona jiko lenu na nani yuko ndani. Mtu wa posta atanitazama usoni, atatazama jina kwenye bahasha, atatazama nyumba yetu juu ya kilima. Nitamwambia apige muhuri tu.

Polisi nimekwenda. Nilisema kila neno la Mikkjal, na nilisema pia la nywele na la bahari, kwa sababu ulitaka nisisahau. Yule askari wa kidole kimoja aliandika yote. Nahodha na Sámal wataitwa meli ikifika. Mikkjal naye ataitwa. Zaidi ya hapo hawakuniahidi kitu.

Shangazi ameniuliza kwa nini silali kwetu. Nikamwambia sijakaribishwa. Akasema, "Kwenu? Ukaribishwe kwenu?" Nikamwambia ndiyo. Leo asubuhi ameniambia kwamba wewe ulimwambia Februari, na kwamba alikuuliza habari za mlango. Alilia. Sikumbembeleza, nilimwambia kilio hicho apeleke kwako, ila kwanza akuulize kama unakitaka. Na Baba tumekutana kwenye zizi, tumechagua pamoja kondoo wa kuchinja. Hakuniambia nije wala nisije. Alisema, "Mwenye ruhusa ni yeye."

Umesema kweli kuhusu Julai. Nimejaribu kuandika kitu cha kujitetea na karatasi tatu zimeishia kwenye moto wa jiko la shangazi. Nilikuwa na maneno yako na nikaenda kutafuta ya kwake. Na la mezani nalo nilikukosea, nilichukua kitu chako nikakigawa. Najua kusema hivi hakukirudishi.

Nitakuwa hapa mpaka Januari meli ikiondoka. Ukitaka nije kula, kukata nyama, au kukaa tu bila kusema kitu, niite, nitakuja. Ukitaka nisije, nitaondoka bila kinyongo. Hata hii barua si lazima uijibu. Ukinyamaza, dada yangu, sitahesabu kwamba umekubali.

Heini